Baraza la jiji likiingia faragha kwa "masuala ya kisheria", mwananchi ana haki ya kujua nini?

KitiChaNyuma:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua taratibu za mabaraza ya madiwani.

Ni mwaka wa tatu sasa nahudhuria vikao vya baraza la jiji letu. Nakaa nyuma na daftari langu, naandika. Kikao kilichopita, ajenda namba saba ilikuwa na maneno matatu tu: "Masuala ya kisheria." Ilipofikiwa, meya akatangaza kwamba baraza linaingia faragha, wananchi na waandishi wa habari tukaombwa kutoka. Tulisimama nje ya mlango saa moja na dakika ishirini. Tulipoitwa tena, ilisomwa sentensi moja: "Baraza limeridhia pendekezo la mwanasheria." Kikao kikafungwa.

Pendekezo gani? Nilimuuliza diwani wetu pale ngazini, akanijibu kwa upole kwamba haruhusiwi kusema. Ninachojua ni kwamba kuna kesi ya fidia. Jiji lilihamisha mtaro, mvua iliyofuata maji yakaingia kwenye nyumba kadhaa, na wenye nyumba wakaenda mahakamani. Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Je, wanaruhusiwa kutufungia mlango? Wanaweza kuamua humo humo ndani? Na sisi tunaodai, hatuna haki ya kujua walichoamua?

NguvuYaUmma:
Hakuna sheria yoyote hapo, kinachofichwa ni fedha. Ukumbi ni wetu, fedha ni zetu, na wao tumewachagua sisi. Kila neno lisemwe mbele yetu. Mimi nisingetoka.

KaraniMstaafu:
Ndugu KitiChaNyuma, nimeandika mihtasari ya baraza la jiji kwa miaka kumi na tisa. Huo mlango naujua kwa upande wa ndani.

Nianze na lisilopendeza. Mama yako mdogo analidai jiji, na jiji lina haki ya kukaa na wakili wake bila yeye kuwepo, kama yeye anavyokaa na wakili wake bila meya kuwepo. Wakili akiingia mbele ya madiwani huwaeleza udhaifu wa utetezi wao, hasara watakayopata wakishindwa, na kiwango cha mwisho wanachoweza kukubali wakitaka kumaliza nje ya mahakama. Hicho kiwango cha mwisho kikivuja, hakuna mdai atakayekubali pungufu yake, na anayelipa ni mlipa kodi, NguvuYaUmma akiwemo. Kwa hiyo faragha ya namna hii si hila.

Ila ruhusa yenyewe ni nyembamba mno. Nilipokuwa kazini nilikuwa nasoma sheria za wenzetu ili nijue ya kwetu imepungukiwa wapi. Sheria ya vikao vya wazi ya California, ya tangu 1953, inataka kesi iliyokwisha kufunguliwa itajwe kwa jina kabla mlango haujafungwa, isipokuwa pale ambapo kuitaja kungeharibu mazungumzo ya suluhu au kazi ya kumfikishia mtu hati za mahakama. Texas wamekwenda mbali zaidi: baraza linaweza kumsikiliza wakili ndani, lakini kura ya uamuzi wa mwisho hupigwa nje, mbele ya watu. Uingereza nayo inakubali siri ya wakili na mteja kuwa sababu ya kuwatoa wananchi, lakini kwanza baraza lipime kama maslahi ya umma katika kuficha yanazidi maslahi ya umma katika kusema. Maneno matatu kwenye ajenda hayaonyeshi kwamba kuna mtu aliyepima chochote.

Sasa niseme nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu ndilo linaloniuma. Mazungumzo ya faragha huteleza. Siku moja wakili alimaliza maelezo yake kwa robo saa, akakusanya majalada yake, akaondoka. Mlango ukabaki umefungwa. Madiwani wakahamia kwenye swali la nani apewe kazi ya kujenga upya barabara iliyoleta kesi, na hilo lilikuwa jambo la zabuni, halikuwa na siri yoyote ya kisheria. Walikaa karibu saa nzima. Mimi niliandika: "Mashauriano yaliendelea." Maneno hayo mawili sijayasahau. Nilipaswa kuweka kalamu chini na kumwambia mwenyekiti kwamba tumeshatoka nje ya ajenda. Nilikaa kimya.

Kwa hiyo andika barua, na umwandikie karani, si meya, maana mihtasari iko kwake. Uliza ni kesi namba ngapi, kifungu gani kilitumika kufunga kikao, nani alitoa hoja ya kufunga na nani aliiunga mkono, kura zilipigwa wapi, na wakili aliingia saa ngapi akatoka saa ngapi. Usiulize wakili alisema nini. Ukiuliza hilo moja, barua yote itakataliwa kwa sababu yake.

MsomaVifungu:
Naongezea alipoachia mzee. Kuna kesi ya jiji la London, lile la Ontario nchini Kanada. Mwaka 2004 baraza lilijadili faraghani sheria ndogo ya kusimamisha ujenzi kwenye eneo fulani kwa mwaka mmoja. Walipotoka nje, waliipitisha ndani ya kikao cha wazi cha dakika nane, pamoja na sheria ndogo nyingine 31, bila mjadala. Kampuni iliyotaka kujenga ikashitaki, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakubali kwamba ile sheria ndogo ifutwe. Kufungua mlango ili kugonga mhuri hakukutosha.

Kwa Kenya, kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinakataza bunge la kaunti kuwatoa wananchi au wanahabari, isipokuwa kwa hali ya kipekee na Spika awe ameridhika kuwa sababu zipo. Maana yake mzigo wa kueleza uko kwa anayefunga mlango.

NguvuYaUmma, usigome kutoka ukumbini. Utaondolewa kwa nguvu, kesho itazungumzwa fujo yako, na swali la KitiChaNyuma litapotea.

NguvuYaUmma:
Hilo la kiwango cha mwisho sikuwa nimelifikiria, mzee, nimekuelewa. Lakini saa moja na dakika ishirini kwa kesi moja?

KaraniMstaafu:
Ndiyo maana nikasema aulize muda wa wakili. Huo huandikwa, kwa sababu mawakili wa kukodi hulipwa kwa saa.

KitiChaNyuma:
Narudi na majibu, na asante sana mzee wangu. Barua niliipeleka mwenyewe, nakala yangu ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Siku ya tisa nikajibiwa, ukurasa mmoja. Namba ya kesi ni ile ile ya akina mama mdogo. Kura ilipigwa ndani, kwa kunyoosha mikono. Wakili aliingia saa kumi na dakika kumi jioni na kutoka saa kumi na dakika thelathini na tano.

Kwenye daftari langu nimeandika kwamba mlango ulifunguliwa saa kumi na moja na nusu. Jana nimepeleka barua ya pili, ina swali moja: zile dakika hamsini na tano baada ya wakili kuondoka zilikuwa za ajenda ipi?