Mwanangu amekatwa alama mbili kwa kuandika "gotten", na sikubali

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Binti yangu wa kidato cha pili amerudi na karatasi ya mtihani wa Kiingereza ambayo sentensi yake, "My grandmother has gotten better", imepigwa mistari miwili ya kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa kwa herufi kubwa: HAKUNA NENO HILI. Nilipompigia mwalimu simu kwa heshima zote, alinijibu kwamba hayo ni maneno ya kwenye filamu.

Neno hilo lipo, na ni la zamani kuliko filamu zote. Kitenzi "get" kiliingia katika Kiingereza kutoka kwa watu wa Skandinavia, ambao jeshi lao kubwa lilitua Uingereza mwaka 865 na ambao baadaye walilowea mashariki na kaskazini mwa nchi hiyo. Kwao kilikuwa "geta". Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu wa kitenzi hicho, lakini aliishi zaidi ndani ya maneno mengine, kama lile lililozaa "forget", na herufi yake ya g ilitamkwa kama y yetu, hivyo hata hiyo g tunayoitamka leo ni urithi wa wageni hao. Ama "gotten", ilikuwa ikitumika Uingereza kwenyewe kabla Marekani haijawa nchi. Fungueni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mwanzo 4:1, mtamkuta Hawa akisema "I have gotten a man from the LORD", pale ambapo Biblia yetu inasema "Nimepata mtoto mwanamume". Waingereza wengi wakaja kubaki na "got". Wamarekani wakaitunza "gotten", nao hawaitumii ovyo, kwani kwao "I've got it" ni ninacho, na "I've gotten it" ni nimekipata. Mwalimu huyo huyo huandika "forgotten" ubaoni kila wiki bila wasiwasi wowote.

Kama shule inataka Kiingereza cha Uingereza, ni haki yake, lakini basi iandike hivyo, isimwambie mtoto kwamba neno halipo.

Kilichoniudhi zaidi nimekikuta ndani ya daftari lake: "get = kupata", basi, mstari mmoja. Matokeo yake, "I got tired" ameitafsiri "nilipata kuchoka", ilhali Kiswahili kina nilichoka, kama kilivyo na kuzeeka, kulowa, kulewa na kuzoea, vitenzi vya neno moja moja ambavyo Mwingereza huvisema kwa "get" na neno jingine mbele yake. Upande wa pili ameandika "my uncle got an accident", kwa kuwa sisi husema amepata ajali, wakati Mwingereza hapo hutumia "had". Kosa hilo la kweli limepita bila hata alama ya kalamu.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa ofisi ya taaluma, kamusi mkononi, kudai alama mbili zirudishwe na maneno yale yafutwe. Walimu wa Kiingereza mliomo humu, naomba mnijibu kabla sijaenda: mnapofika kwenye "get", mnawaandikia watoto nini ubaoni?