Ushauri wenu: nimeweka CHAP kwenye iSCSI kwa Ansible, umeme ulipokatika seva sita hazikurudi

Mlinzi_wa_Diski

Wakuu, habari za kazi. Naombeni ushauri, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Kazini tuna hifadhi ya NetApp inayoendeshwa na programu yake ya ONTAP, na seva tisa za Linux zinazochukua diski kutoka humo kwa iSCSI, yaani kutumia diski za mbali kupitia mtandao. Hizo ndizo zimebeba hifadhidata ya mishahara na mafaili ya idara zote. Tangu ziwekwe hazikuwa na ulinzi wowote wa kuingia: seva ikijitambulisha kwa jina lake la iqn, inapokelewa. Mwaka huu mkaguzi akaniuliza swali moja tu: kuna kinachomzuia mtu mwingine kuliandika jina hilohilo kwenye kompyuta yake? Hakuna. Nilikaa kimya.

Nikaamua kuweka CHAP, yaani hifadhi iulize nywila kabla ya kuipokea seva, kila seva na nywila yake. Kuandika nywila tisa kwa mkono, upande wa hifadhi na upande wa seva, ni kujitafutia makosa, kwa hiyo nikaandika skripti ya Ansible, zana ya kupanga mitambo mingi kwa pamoja. Kwenye hifadhi nikatumia moduli ya na_ontap_iscsi_security, kwenye seva nikabadilisha /etc/iscsi/iscsid.conf. Ilimaliza bila kosa hata moja, seva zikaendelea na kazi, nikaandika ripoti kwamba tumemaliza.

Siku nne baadaye umeme ukakatika, jenereta ikachelewa kuwaka, swichi zikazima. Umeme uliporudi, seva sita hazikuona diski zao. Kila nikijaribu napata kosa namba 24, zimekataliwa kuingia. Tatu zikarudi vizuri, na hizo tatu ndizo tulizozijenga upya wiki hiyohiyo. Saa nane usiku ikabidi niondoe CHAP yote ili mishahara iwahi kutoka.

Baadaye nilijaribu tena na nywila mpya kwenye seva moja ya majaribio. Upande wa hifadhi Ansible ikasema hakuna kilichobadilika, na kweli nywila ya zamani ndiyo iliyokuwa ikikubaliwa.

Nimekosea wapi? Na nitajuaje kwamba mambo yako sawa bila kusubiri umeme ukatike tena?

FundiWaBandarini

Pole sana mkuu. Jibu umelitaja mwenyewe: hizo tatu zilizojengwa upya.

iscsid.conf ni kiolezo. Seva inapogundua hifadhi kwa mara ya kwanza, inanakili mipangilio ya wakati huo kwenye rekodi ya kila njia ya mtandao inayoifikia hifadhi, chini ya /var/lib/iscsi/nodes au /etc/iscsi/nodes kutegemea aina ya Linux. Kuanzia hapo inasoma rekodi. Ukibadilisha kiolezo leo, rekodi ya mwaka juzi haijui. Seva zako sita zilikuwa na rekodi zinazosema hakuna CHAP. Zile tatu ziliigundua hifadhi baada ya kiolezo kubadilika, ndiyo maana zilipita.

Endesha `iscsiadm -m node -o show` kwenye moja ya zile sita uangalie node.session.auth.authmethod. Naamini utakuta None.

Kurekebisha ni `iscsiadm -m node -o update` kwa kila rekodi: njia ya uthibitishaji, jina, nywila. Ila nakuomba usiandike nywila kwenye mstari wa amri ukiwa umeketi kwenye seva. Inabaki kwenye historia ya amri, na kwa muda huo inaonekana kwenye orodha ya michakato.

Kijana_wa_Mitambo

Mimi ningeweka nywila moja kwa seva zote tisa. Nusu ya matatizo haya yangeisha.

FundiWaBandarini

Hapana ndugu yangu. Swali la mkaguzi lilikuwa kuhusu kuazima jina la seva nyingine. Nywila ikiwa moja, anayeingia kwenye seva ya mafaili anajitangaza kuwa seva ya mishahara na anapita. Ugumu wa nywila tisa tunaubebesha Ansible, ndiyo kazi yake.

Dada_Hifadhi

Mlinzi, hilo la pili, la nywila kutobadilika upande wa hifadhi, limeshanikuta. Soma maelezo ya hiyo moduli kwenye inbound_password: nywila hairekebishwi. Ukitaka kuibadilisha unafuta ingizo la seva husika kisha unaliunda upya. Kwa hiyo skripti ya kuzungusha nywila inahitaji hatua mbili, state: absent halafu state: present.

Hapo katikati kuna mwanya. Ingizo likishafutwa, seva hiyo inahukumiwa kwa mpangilio wa jumla unaoitwa default. Kama default ni none, kwa sekunde hizo mtu yeyote mwenye jina hilo anaingia bila nywila. Na skripti ikikwama hapo, mlango unabaki wazi na hakuna atakayeona, kwa sababu kila kitu kinafanya kazi. Weka default iwe deny, lakini iwe hatua ya mwisho kabisa, seva zote tisa zikishathibitika.

Kuhusu nywila zenyewe: CHAP haipitishi nywila kwenye waya, ila anayesikiliza anaweza kuchukua majibizano yale akaenda kuikisia kwake taratibu. RFC 7143 ya 2014, ambayo ndiyo kanuni rasmi ya iSCSI, inadai siri yenye biti 96 za kubahatisha kama hutumii IPsec, yaani usimbaji wa mawasiliano ya mtandao. Herufi 16 za kubahatisha zenye namba na alama zinatosha, na Windows, kama mtakuja kuiongeza, inakubali kati ya 12 na 16 tu. Ukiweka CHAP ya pande zote mbili, nywila ya hifadhi isifanane na ya seva.

Zihifadhi kwa ansible-vault, inayozisimba, na kila hatua inayogusa nywila iwe na no_log: true ili isiandikwe kwenye kumbukumbu. Kama ziliwahi kuingia kwenye Git, mnakotunza matoleo ya skripti, zikiwa wazi, kufuta faili hakusaidii, historia inazo. Badilisha nywila.

Jambo jingine, CHAP haifichi data inayopita. VLAN ya hifadhi, yaani mtandao wake uliotengwa, ibaki peke yake.

MzeeWaSwichi

Wanangu wamesema vizuri. Mimi naongeza lile lililokufanya uandike ripoti mapema.

CHAP inaulizwa mlangoni tu, sesheni (muunganisho wa seva na hifadhi) inapofunguliwa. Sesheni zako zilifunguliwa kabla ya nywila kuwepo, zikaendelea siku nne bila kuulizwa chochote. Ansible ilikwambia ukweli, kwamba faili limeandikwa. Haikukwambia kama seva inaweza kuingia, kwa sababu hukuiambia ijaribu.

Basi iambie. Kama kila seva ina njia mbili, skripti ifanye hivi: iangalie kwanza kwa `multipath -ll` kwamba zote mbili ni hai, ifunge sesheni ya njia ya kwanza, iingie tena kwa nywila mpya, isubiri njia ionekane hai, ndipo iguse ya pili. Mwanzoni weka serial: 1 na any_errors_fatal: true, ili iende seva moja moja, na moja ikikwama nyingine zisiguswe. Njia moja ikikataliwa, ya pili bado imeshika diski na unatengeneza ukiwa umetulia.

Usifunge zote mbili kwa pamoja hata kama unajiamini. Diski ikiondoka wakati hifadhidata inaandika, utakuwa na tatizo jingine kabisa.

Mlinzi_wa_Diski

Nawashukuru sana wote. Nimeangalia: zile sita, rekodi zote ni None, kama mkuu wa Bandarini alivyosema. Nywila za zamani zilikuwa kwenye Git, nimeshazitupa zote.

Jana usiku nimeendesha skripti mpya kwenye seva mbili, njia moja moja. Ya kwanza ilipita. Ya pili ilikataliwa kwenye njia ya kwanza, skripti ikasimama palepale, na watumiaji hawakuhisi kitu. Nilikuta kuna rekodi ya tatu ya anwani ya hifadhi ambayo tuliacha kuitumia zamani. Nimeifuta, nikarekebisha skripti ipitie kila rekodi iliyopo badala ya orodha niliyoiandika mimi, ikapita.

Mzee, swali moja: seva ya mishahara ina njia moja tu, kadi ya pili ya mtandao ilikufa. Niiache hadi kadi ije?

MzeeWaSwichi

Iache. Na default isiguswe hadi hiyo nayo ipite.