Naombeni ushauri: niache klabu yangu ya taekwondo Sinza niende Dubai?

TekeLaJuu
Wakuu, habari za mchana. Nina miaka 32, nafundisha taekwondo Sinza. Nilianza na watoto 6 kwenye kiwanja cha vumbi, leo wako 38 kwenye ukumbi wa kukodi. Ada 25,000 kwa mwezi, wanaolipa kwa wakati hawafiki 20. Ukumbi peke yake unakula 300,000. Sasa gym moja Dubai inataka mwalimu, dirham 4,000 na malazi juu yao. Mke wangu anasema niende. Usingizi sipati. Niende au nibaki?

MamaPacha
Baba, hao watoto unamwachia nani? Mwanangu alikuwa anajifunza karate Tabata, mwalimu akaondoka bila kuaga. Wiki mbili nzima kila jioni mtoto anavaa zile nguo zake nyeupe, anakaa mlangoni. Hadi leo zipo kabatini, zimeshambana.

MzeeNgamiani
Kijana, mapigano ni nidhamu kwanza, pesa baadaye. Sisi Tanga miaka ya 80 tulipigia magunia ya mchanga, hakuna aliyetulipa. Ila nakubali siku hizi ni kazi. Mchezo una medali za Olimpiki tangu Sydney 2000, na yule Cissé wa Cote d'Ivoire alichukua dhahabu Rio 2016 kwa teke la sekunde ya mwisho. Niliruka kwenye kochi!

BwanaChapati
Mkuu, mwenye nyumba wangu anakuja tarehe 5. Nielekeze teke moja tu la kumtuliza.

JamaaWaDeira
Niko huku Dubai mwaka wa 7. Cheti chako cha dan, yaani daraja la mkanda mweusi, ni cha nani? Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo kule Seoul, au klabu?

TekeLaJuu
Cheti kipo mkuu. Nilichouliza ni niende au nibaki.

JamaaWaDeira
Na mimi nimeuliza cha nani.

TekeLaJuu
Sawa. Ni cha klabu. Dan ya kwanza nilipewa 2013, ya pili 2016. Mara zote mbili mwalimu wangu alichukua hela ya cheti cha Kukkiwon, akasema kinakuja kutoka Seoul. Hakijaja. Gym wanataka dan ya 4, wakala kasema atanitengenezea kwa 900,000. Nusu nimeshampa. Kabla hamjanirukia: miaka 16 naamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi. Ujuzi ninao, karatasi ndiyo sina.

MzeeNgamiani
Kughushi ni kughushi, mwanangu.

SabumMoshi
Mwalimu mwenzio hapa. Dan 1 kwenda 2 ni mwaka 1, 2 kwenda 3 miaka 2, 3 kwenda 4 miaka 3. Hakuna njia ya mkato. Kila cheti cha Kukkiwon kina namba, mwenye gym anaiangalia kwenye tovuti yao akiwa amekaa. Jina lako halipo hata kwenye dan ya kwanza. Utafika na begi, urudi na begi.

Kigogo_Mbishi
Chai hii. Miaka 16 halafu hujui cheti hakijaja? Kama kweli wewe ni mwalimu, Koryo, ule mfululizo wa miondoko ya mkanda mweusi, inaanzaje?

TekeLaJuu
Viganja wazi mbele ya uso kama unasukuma gogo. Unageukia kushoto, unakinga kwa makali ya viganja vyote viwili, kisha mguu wa kulia teke la ubavu mara mbili bila kukanyaga chini: la kwanza usawa wa goti, la pili juu. Wanafunzi wengi wanaanguka kwenye hilo la pili. Na nilijua hakijaja, ndugu. Niliona aibu kumuuliza mtu aliyenilea.

SabumMoshi
Huyu ameicheza. Mwacheni.

TekeLaJuu
Asante. Kuna jambo jingine. Nina binti wa miaka 13 yuko tayari kwa mtihani wa mkanda mweusi. Wa kumpendekeza Kukkiwon lazima awe na dan ya 4 kwenda juu. Nilifikiri nikiipata hiyo karatasi na yeye atapita.

MamaPacha
Kwa hiyo na yeye umpe karatasi kama uliyopewa wewe?

TekeLaJuu
Dada, hilo sikuliwaza.

SabumMoshi
Tafuta mwenye dan ya 4 halali awapendekeze wote wawili. Wewe unaanza dan ya kwanza, binti anafanya wake. Mnasimama mstari mmoja.

TekeLaJuu
Mbele ya wanafunzi wangu?

SabumMoshi
Mbele yao.

JamaaWaDeira
Pasipoti yako iko wapi sasa hivi?

TekeLaJuu
Kwa wakala.

JamaaWaDeira
Hela iache, hiyo imekwenda. Pasipoti kaichukue leo hii.

TekeLaJuu
Darasa langu ni saa kumi na moja jioni. Ofisi yake iko Kariakoo. Niko kwenye daladala, nashuka Fire.