Bendi ya miaka 20 na ushee inazikwa kwa tangazo la BEI MAELEWANO! Huyu bwana atuombe radhi wana Mbeya

Mkazi wa Mafiati (mleta mada):
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukana mnivumilie.

Simtaji jina. Aliyewahi kulipa kiingilio Mwanjelwa, Soweto au Mbalizi anamjua, na aliyekuwa anaruka ukuta anamjua zaidi. Ile kofia yake inaonekana toka Uyole. Kiongozi wa bendi yetu. Mwenye funguo za stoo ya vyombo.

Leo asubuhi nimeingia kwenye lile kundi la kuuza vitu vilivyotumika, natafuta friji. Nashuka: jiko la gesi, miche ya parachichi, matairi ya Noah. Nashuka tena, macho yakagota kwenye dramu ninazozijua. "Vyombo vya muziki vinauzwa, seti kamili, vimetumika kidogo. Sababu ya kuuza: bendi imevunjika. Bei maelewano."

BEI MAELEWANO!

Ndivyo tulivyopewa taarifa. Hakukuwa na kikao wala onyesho la kuaga. Hata voisi ya nusu dakika kwenye kundi letu la mashabiki hakutuma, na msimamizi wa kundi ni yeye mwenyewe, kila Krismasi anatujazia simu picha za maua! Tangazo la msiba tumelikuta kati ya jiko la gesi na matairi.

Nikaikuza picha. Ile ngoma kubwa ya mguu, yenye jina la bendi lililoandikwa kwa mkono kwa rangi nyekundu, jina limekwanguliwa. Kwa kisu, mikwaruzo unaiona. Mkwanguaji akachoka njiani, herufi mbili za mwisho zimebaki. Gitaa la besi limelazwa sakafuni, mkanda wake bado una ile plasta aliyoizungusha marehemu mpiga besi wetu usiku wa mkesha wa mwaka mpya, ulipokatika katikati ya sebene na wala hakusimama. Na pembeni ya gitaa, wakuu, kuna kidole gumba cha mguu. Kidole chake! Anatuuzia miaka 20 ya maisha yetu akiwa amevaa kandambili.

Eti "vimetumika kidogo". Ile amplifaya imenyeshewa Tukuyu, imekula vumbi la Chunya, imesafiri juu ya viazi kwenye fuso toka Tunduma mpaka Makambako. Na tuliinunua sisi! Kofia ilizungushwa meza kwa meza, Jumapili hadi Jumapili, mama zetu wa sokoni wakatoa hela ya mtaji wa vitunguu. Leo bei maelewano. Unaelewana na nani? Mimi umeshaelewana na mimi?

Nikampigia. Akapokea mara moja. Hajauliza ni nani, hajasalimia, sikio langu halijatulia kwenye simu, anasema: "Seti nzima au spika tu?"

Seti nzima au spika tu!

Nusu ya watoto wa mji huu wamepatikana kwa sababu ya ule wimbo wa saa saba usiku. Baridi ya Julai ilikuwa haituingii pale ukumbini. Atoke hadharani atuombe radhi. Nimeweka kambi hapa, silali.

Kijana wa Iyunga:
Mkuu, friji ulipata?

Mchoma nyama Soweto:
Hahahaaa, seti nzima au spika tu. Nimecheka mpaka mteja kaondoka na mishikaki bila kulipa. Ila pole mleta mada.

Mama wa Kabwe:
Mnalia na vyombo. Mimi ninalo daftari hapa. Wapiga magitaa wake wamekula wali maharage kwangu msimu mzima wa mvua, kila nikidai naambiwa "mama, subiri bonanza". Bonanza lenyewe ndio hilo limewekwa mnadani. Wewe unadai radhi, mimi nadai hela. Ukimpigia tena mwambie daftari lipo.

Mzee wa Sisimba:
Vijana, punguzeni jazba. Kuhama na kuvunjika ndio historia ya dansi nchi hii. Mwimbaji Muhidin Gurumo mwaka 1978 alitoka bendi ya Juwata, ndiyo hii Msondo ya leo, akaenda bendi ya Mlimani Park. Mwaka 1985 akaondoka na wenzake kwenda Safari Sound, ile ya mtindo wa Ndekule. Mwisho akarudi nyumbani Msondo. Kila alipohama, mji ulizizima na watu walinuniana, ila muziki uliendelea. Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, imebadilishwa majina mpaka basi.

Mkazi wa Mafiati:
Shikamoo mzee wangu. Hapo umenipa nguvu. Gurumo alihama na sauti yake, hakuiweka sokoni na bei maelewano! Na waliobaki walibaki na vyombo wakapiga. Huyu wetu angeondoka yeye na kofia yake, vijana wangeendelea. Amekwangua jina, mzee. Kwa kisu.

Mwana Kihesa:
Kamwene ndugu zangu wa Mbeya. Ninyi angalau mmeona tangazo. Sisi Iringa tulikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, ikiwa na wale waimbaji mapacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, wakiimba pamoja hujui nani kapokea kwa nani. Nchi nzima ilikuwa inajua kwamba Iringa kuna dansi. Leo ukipita mjini ukamuuliza kijana Tancut ni nini, anakuonyesha njia ya kwenda stendi. Kwa hiyo mleta mada kaa kimya, utulie, sisi ndio wafiwa wa zamani.

Kijana wa Iyunga:
Mwana Kihesa, hili sio shindano la kufiwa.

Mwana Kihesa:
Lingekuwa shindano tungewapiga.

Roki Nyanda za Juu:
Hata wakubwa wanavunjika hovyo. Bendi ya roki ya Oasis ya Uingereza ilikufa Paris tarehe 28 Agosti 2009. Noel na Liam Gallagher, ndugu wa tumbo moja, waligombana nyuma ya jukwaa, watu wako uwanjani wanawasubiri waanze kupiga. Noel akaacha bendi usiku uleule. Mashabiki wakakaa hivyohivyo mpaka Julai 2025 ndipo wale ndugu wakapanda tena jukwaa moja, Cardiff. Vumilia mkuu, kuna siku watarudi.

Mkazi wa Mafiati:
Ahsante kwa kunichoma kisu cha pili. Noel aliandika taarifa usiku uleule! Akawaomba radhi waliokuwa wamekata tiketi za Paris, Konstanz na Milan, kwa majina ya miji! Mtu amegombana na mdogo wake, ana hasira za kuua, na bado kakumbuka waliokata tiketi. Wa kwetu hajagombana na mtu. Kapiga picha na kidole. Na warudi na nini, gitaa likishanunuliwa na mtu wa kumbi za harusi?

Dereva wa Sae:
Jamani, spika bado zipo? Mdogo wangu anaoa Jumamosi, kukodi muziki mjini siku hizi ni bei ya kununua ng'ombe.

Mkazi wa Mafiati:
Wewe ni binadamu kweli?

Dereva wa Sae:
Nimeuliza spika tu kaka, sijasema seti nzima.

Mchoma nyama Soweto:
NIMEKUFA. Msinizike, bei maelewano.

Alto wa Mbalizi:
Mnashangaa bendi ya baa? Kwetu kanisani mwalimu wa kwaya kahama na kinanda cha kwaya, tena tulichochangia kwa kuuza maandazi. Tumekwenda kukidai, anatuambia alikiweka wakfu yeye. Jumapili tunaimba mikono mitupu, sauti ya tatu inapotea ubeti wa kwanza na hairudi mpaka baraka. Nani atatufungulia uzi?

Mama wa Kabwe:
Alto, huyo mwalimu wenu ni yule mrefu wa suti ya kijani? Ananidai... samahani, NAMDAI. Yupo ukurasa wa pili.

Mzee wa Sisimba:
Mama, hilo daftari lina mji mzima.

Mkazi wa Mafiati:
Wakuu, turudi kwenye mada. Amesema seti nzima au spika tu. Mtu niliyemtunza jukwaani, nikambandika noti kwenye paji la uso mbele ya wakwe zangu. Hata sauti yangu hajaitambua.

Kijana wa Iyunga:
Labda ulimtunza noti ndogo.

Mama wa Kabwe:
Na tukiwa tunasema ukweli, wali wenyewe niliowapikia ulikuwa Kyela halisi. Siku hizi sokoni unauziwa Kyela, ukifika nyumbani ukipika harufu hakuna, wamechanganya na wa Mbarali. Hao nao ni wa kufunguliwa uzi.

Mwana Ubaruku:
Subiri kwanza mama. Mbarali tumewakosea nini? Mchele wetu unalisha nchi hii, ninyi mnautaja utadhani ni mchanga. Anayechanganya ni dalali wenu wa hapo Mwanjelwa, sisi tunauza mchele wetu kwa jina lake.

Dereva wa Sae:
Hapo Ubaruku kasema kweli. Nabeba hayo magunia kila wiki, yanabadilishwa mifuko usiku.

Mchoma nyama Soweto:
Taja dalali.

Dereva wa Sae:
Nina watoto mkuu.

Mkazi wa Mafiati:
Jamani BENDI.

Mama wa Kabwe:
Mwana Ubaruku, sijakataa, wa kwenu unachambuka vizuri na haugandi hata ukilala. Gunia mnatoa kiasi gani huko shambani sasa hivi?

Mwana Ubaruku:
Njoo faragha mama. Nikikupata leo, kilo moja ya kuonja naipandisha kwenye basi la kesho asubuhi.