Ushauri: Nihubirije kuhusu njaa wakati mwenye ghala anakaa benchi la mbele?

Mwinjilisti_wa_Mtaa: Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Mimi ni mwinjilisti kwenye mtaa mmoja wa kanisa (tawi la usharika) vijijini huku Dodoma. Mchungaji anatufikia mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine nahubiri mimi. Mvua ilikatika katikati, mtama umeishia magotini, na mavuno ni mpaka Mei. Kaya nyingi zinakula mara moja kwa siku. Na ndiyo kwanza tumeingia Kwaresima, natakiwa kuwahimiza wafunge!

Jumapili iliyopita nilihubiri Mathayo 6, "Msisumbukie maisha yenu, mle nini". Tulipotoka mjane mmoja akanishika mkono, akauliza kwa upole kabisa: "Mwinjilisti, wewe leo umekula nini?" Nilikuwa nimekunywa chai na chapati kwa mzee wa kanisa. Nikabaki kimya.

Sasa mzee huyohuyo ndiye anayekopesha watu mahindi. Ukichukua debe moja leo, wakati wa mavuno unarudisha matatu. Nataka Jumapili ijayo nisome Amosi 8, wale wanaoipunguza efa (kipimo cha nafaka) na kuiongeza shekeli (uzito wa kupimia fedha). Mke wangu anasema tutafungashiwa virago. Nifanyeje?

lumbesa_basi: Kumbe mtumishi umeshiba chapati za riba 😂 Soma Amosi, mkuu. Wanaopunguza efa ndio hawahawa wanaotupimia kwa debe lililobonyezwa na kununua kwa lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo.

mkulima_na_mkopeshaji: Mnaongea kirahisi. Mimi nakopesha mahindi. Msimu uliopita karibu nusu hawakurudisha, na hakuna aliyenipa pole. Huyo mzee akifunga ghala kesho, hao wajane watakula Amosi?

lumbesa_basi: Debe moja kwa matatu ndani ya miezi minne, na bado unataka pole?

Mama_Kwaya: Mwinjilisti, usimpige mtu kwa mimbari wakati yeye hana pa kujibu. Mathayo 18 inasema ukamwonye wewe na yeye peke yenu. Tena nenda jioni, ukiwa umekula kwako.

Mchungaji_Mstaafu: Mwanangu, Amosi ni nzuri, ila itakufanya uonekane unamnyooshea mtu kidole. Soma Nehemia 5. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, watoto wao wanaingia utumwani. Nehemia anawakemea wakuu, halafu anajihesabu mwenyewe: hata yeye na ndugu zake wamekopesha fedha na nafaka. Ndipo anasema tuache riba, mashamba yarudishwe. Wewe uliyekunywa ile chai anza hapo, kwa kusema "sisi".

Jambo la pili. Mnada wenu baada ya ibada ukoje? Mtu analeta kibakuli cha uwele kama sadaka, kinanadiwa, anakinunua mwenye hela, na mwenye njaa amesimama palepale anatazama. Malaki 3:10 tumeihubiri mpaka imechakaa, lakini ni wangapi tunatulia kwenye maneno "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu"? Chakula, mwanangu. Na Kumbukumbu la Torati 14 mwishoni inasema zaka ya mwaka wa tatu iwekwe malangoni, Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Kwa hiyo kabla ya ghala la mzee, fungua la kanisa.

Mama_Kwaya: Hapo kwenye mnada umenigusa, baba. Kwetu nafaka inanadiwa kila wiki na sijawahi kuwaza.

mkulima_na_mkopeshaji: Nehemia naikubali. Angalau na yeye alikuwa na ghala.

Mwinjilisti_wa_Mtaa: Mrejesho. Nilikwenda kwa mzee Alhamisi jioni. Alinisikiliza, akakasirika, akaniuliza nani amenituma. Tulipokaa sana akasema wajane watarudisha debe kwa debe, wengine "ataangalia". Baraza la wazee limekubali nafaka isinadiwe mpaka Mei. Inawekwa ofisini na akina mama wawili wanaigawa. Wiki hii zimepatikana debe mbili na nusu, kaya zilizoandikwa ni kumi na saba, kwa hiyo haitoshi kabisa. Nimeandika barua kwa mchungaji aombe mitaa mingine ituchangie, kama Antiokia walivyochangia ndugu wa Uyahudi kwenye Matendo 11.

Jumapili nilisoma Nehemia na nikaitaja chai ile mbele ya washarika wote. Mjane alicheka. Mzee hakucheka, na chai sijakaribishwa tena.