Mpwa wangu ataka ndondi za kulipwa

Mjomba wa Maweni: Jamani, mpwa wangu hapa Malindi apiga gunia la mchanga kila alfajiri. Asema ataacha kuvua awe kama Wangila. Mamake halali. Huyo Wangila aliishia wapi hasa?

Babu Shela: Robert Wangila? Alitwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Ngumi ile, we! Akaingia za kulipwa, Marekani. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake na David Gonzales. Mwenyewe akalalamika eti bado anaweza. Baadaye akazirai, akafa. Miaka 26 tu.

Bi Barani: Mjomba, apimwe kichwa kwanza. Na nyavu asiuze.

Mjomba wa Maweni: Ameshauza, Bi.