Tupeane uzoefu: jioni za kiangazi kwa baiskeli za milimani katika nyika za Uingereza

Mpanda Mwinuko (Sheffield)

Ndugu zangu, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Sheffield, na kila kiangazi najiuliza kwa nini tukikutana tunalalamikia baridi na mvua tu, ilhali kinachotuvuruga zaidi sisi tuliokulia karibu na ikweta ni jua lisilotaka kuzama. Mwishoni mwa Juni jua la hapa huzama mnamo saa tatu na dakika arobaini usiku. Nimeandika "usiku" kwa kuwa ndivyo saa yetu inavyodai, ingawa wakati huo mtu bado anasoma gazeti uani bila taa. Naomba mliowahi kupanda baiskeli jioni za namna hiyo, katika zile nyika za juu zisizo na miti, mtusimulie yaliyowakuta. Naanza mimi.

Tulikuwa wanne: mimi, rafiki yangu Mnyamwezi ambaye ni fundi bomba, na Waingereza wawili tunaofanya nao kazi. Tuliondoka Ringinglow, kijiji kilicho ukingoni mwa jiji upande wa magharibi, yapata saa moja na nusu, tukashika njia ya Houndkirk. Hiyo ni barabara ya zamani iliyopitiwa na magari ya farasi katika karne ya 18 na haikuwahi kutiwa lami, kwa hiyo leo imebaki mawe, mchanga na mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua. Kushoto na kulia ni heather, kichaka kigumu kinachofika magotini, ambacho mwezi wa Juni bado kina rangi ya kahawia na hakigeuki zambarau mpaka Agosti. Mara kwa mara ndege wa jamii ya kwale alikuwa akifyatuka kutoka vichakani karibu na gurudumu, akipiga kelele kama mtu anayekufukuza shambani kwake.

Tulishuka hadi karibu na baa ya Fox House, tukaingia bonde la Burbage, ambako miamba mingine ingali na alama za risasi kwa sababu wanajeshi walifanyia mazoezi pale wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hapo ndipo tairi langu la nyuma liliponywea. Nilikuwa nimeligongesha jiwe kwa kasi, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na rimu, ikatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Wale Waingereza walitoa tyubu mpya mfukoni, lakini valvu yake haikuingia katika tundu la rimu yangu. Mnyamwezi akacheka. Utotoni alishinda kwa fundi baiskeli mmoja Tabora, aliyekuwa akitafuta pancha kwa kuzamisha tyubu kwenye karai la maji. Pale hatukuwa na karai, basi akaipitisha tyubu taratibu mbele ya midomo yake, akiwa amefumba macho, mpaka akahisi upepo. Alikwangua mpira, akapaka solusheni, akaipulizia ikauke, na hakutaka kuharakishwa hata kidogo.

Hakuna aliyekuwa na taa, maana tuliondoka jua likiwa kali. Tulipomaliza kujaza upepo jua lilikuwa limekwisha zama, lakini mbingu ilikuwa nyeupe kabisa na kila mmoja wetu aliona muda ungalipo. Kwetu giza huingia kwa mkupuo, nawe unajua umechelewa. Huku mwanga hupungua polepole kiasi kwamba jicho linauzoea, na kinachoondoka kwanza ni vivuli. Bila kivuli, mfereji na jiwe na mchanga vyote huonekana bapa. Nilianguka ndani ya shimo nililokuwa nikilitazama. Mimi sikuumia zaidi ya kuchubuka kiwiko, lakini kile kichuma kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma kilipinda, nikasukuma baiskeli hadi Ringinglow. Tulifika saa nne na nusu usiku, na upande wa kaskazini bado palikuwa na ukanda wa mwanga.

Binti Pangani

Kaka, habari ya vivuli umeieleza vizuri. Mimi nina kisa cha kutazama jua lenyewe. Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni, na saumu ya huku ilizidi saa kumi na nane. Jioni moja rafiki zangu watatu, wasio Waislamu, waliniomba tukafuturie juu ya nyika. Tulichagua njia fupi kwa ajili yangu: kutoka mabwawa ya Redmires tukapandisha njia ya kale ya Long Causeway hadi kwenye mlingoti wa Stanage, ule ukingo mrefu wa miamba. Sehemu yenye mwinuko mkali nilisukuma baiskeli, tena bila aibu, na wao wakashuka wakasukuma pamoja nami ingawa sikuwaomba.

Tulikaa kwenye miamba, chini yetu yakiwa yamelala mawe ya kusagia yaliyochongwa zamani na kuachwa hapo hapo majanini, yale ambayo Hifadhi ya Taifa ya Peak District imeyafanya nembo yake. Jua likaingia nyuma ya vilima vya mbali. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa akinionea huruma mchana kutwa, akaninyooshea tende mbele ya midomo kabisa. Nikamwambia bado, jua kujificha nyuma ya mlima si kuzama. Tulikodolea saa dakika kadhaa, wote wanne, na hakuna aliyegusa hata maji, wakati wao walikuwa na ruhusa ya kunywa tangu asubuhi. Wakati ulipotimia tulikula tende zenye mchanga wa vidole vyetu. Niliswali Maghrib nyuma ya mwamba kwa sababu ya upepo, na kurudi tuliwasha taa. Mimi nilizibeba, maana anayefunga huwa anajua jua linazama saa ngapi.

Mzee wa Uskoti

Mabinti na vijana, nyie mna bahati, huko kwenu mnaweza kuziba pancha kwa utulivu. Njooni huku Rannoch jioni isiyo na upepo mwezi wa Julai. Kuna usubi. Hawaleti ugonjwa kwa binadamu kama wale tunaowafahamu kwetu, ila huja kwa maelfu, huingia masikioni na puani, na mtu hawezi kushika kiraka huku anajipiga makofi. Safari moja tulibeba baiskeli mabegani karibu robo saa kutafuta kilima chenye upepo ndipo tukafungua gurudumu. Tangu siku hiyo sisimami bondeni hata kwa kunywa maji.

Mshale wa Buluu

Naomba kuongeza jambo ambalo mwanzisha mada amelipita. Katika Uingereza yenyewe si kila njia ya nyikani inaruhusu baiskeli. Sheria ya mwaka 1968 ilituruhusu kupita katika njia za farasi, kwa sharti kwamba tumpishe mwenda kwa miguu na mpanda farasi. Njia hizo zina mshale wa buluu. Mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu tu. Uskoti kwa Mzee ni tofauti, kwani sheria yao ya 2003 inaruhusu baiskeli karibu kila mahali, mradi mtu asifanye uharibifu. Mimi niliifahamu tofauti hiyo kwa kukaripiwa na bibi mmoja mwenye fimbo mbili, ambaye alisimama katikati ya njia mpaka nikashuka, kisha akanionyesha mshale na kunitakia jioni njema. Alikuwa na haki yake.

Mmachame wa Leeds

Wakuu, nilipopelekwa nyikani mara ya kwanza nilisema: hapa ni kati ya Mandara na Horombo, vile vituo vya wapanda Kilimanjaro! Ukungu ni ule ule, na mimea ni ndugu, isipokuwa ya Kilimanjaro humpita mtu urefu. Swali langu ni kwa Mpanda Mwinuko: je, kile kichuma kilinyooka, na taa unafunga kwenye usukani au kwenye kofia?

Mpanda Mwinuko (Sheffield)

Nakushukuru, Mmachame. Fundi wa dukani alikinyoosha kikakatika mikononi mwake, nikanunua kingine, na sasa nabeba cha akiba pamoja na viraka. Taa nafunga mbili. Ile ya usukani ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa iko chini na inairudishia ardhi vivuli vyake. Ya kofia inamulika kule unakogeuza kichwa, lakini ukiitumia peke yake njia inarudi kuwa bapa. Naziwasha saa tatu kamili, hata wenzangu wakinicheka kwamba bado mchana. Dada wa Pangani, Alhamisi ijayo tunapita Redmires. Mnyamwezi anauliza kama utakuja na zile tende.